Nguzo Nyuma ya Zizi

Valdrins, 27 Desemba 1989

Dada Roswitha,

Kadi yako ya Krismasi ilifika, na mke wangu Adelheid ameiweka juu ya redio ili kila aingiaye aione. Sisi wazima. Kifua changu hunibana kidogo nikipanda ngazi, lakini hilo ni jambo la umri, si la kuandikiwa barua.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu iko jikoni, na siku hizi jikoni kwetu hapakosi masikio.

Hapa hakuna theluji. Sisemi ni kidogo, nasema hakuna. Mlima wetu Gulmen una rangi ya ngozi ya ng'ombe tangu kanisani hadi kileleni, na viti vya lifti yetu ya kuwapandisha watelezaji wa theluji vinaning'inia juu ya nyasi. Wenzetu wa Madern, nyuma ya mgongo wa mlima, kilomita sita tu kutoka hapa, asubuhi ya leo wana sentimita sabini na nane. Wageni wanalala kwetu, wanakula mkate wetu, kisha saa mbili na nusu wanapanga foleni kituoni, viatu vyao vya plastiki vikigonga lami kama kwato, wakisubiri basi la Madern. Jana nilikutana na Engelbert, msimamizi wa lifti za huko. Akaniuliza, bila hata kutabasamu, kama mwaka huu nawatoza ng'ombe nauli ya mtu mzima au ya mtoto. Nilicheka. Ulitaka nifanye nini?

Nije kwenye haja yangu. Wakaguzi wanataka kamba mpya ya chuma, la sivyo lifti isifunguliwe tena. Wendelin, mwenyekiti wetu, ameitisha mkutano wa ushirika tarehe 28 Januari. Ama kila mwanachama aweke malisho yake rehani kwa ajili ya kamba, ama lifti ing'olewe. Watu wanasitasita, huu ni msimu wa tatu mbaya. Lakini juzi dukani Wendelin aliwaambia kwamba Daktari Roswitha Tschofen alipima na kuandika, na chuo kikuu kikapiga mhuri, kuwa kwa kila sentimita kumi za Madern, Gulmen hupata tisa, na kwamba misimu mitatu haifuti kitabu. Tasnifu yako ndiyo iliyoijenga lifti hii mwaka 1971, na sasa ndiyo pekee inayoweza kuiokoa.

Nakuomba ukurasa mmoja tu, wa kuthibitisha uliyoyaandika. Nitausoma mwenyewe mkutanoni. Nimeiendesha lifti hii miaka kumi na minane, dada. Ikiondoka, sijui nitakuwa naamka kwa ajili ya nini.

Nduguyo,
Gebhard


Hamburg, 4 Januari 1990

Gebhard, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekaa kuandika ukurasa ulioutaka, nikashindwa baada ya sentensi ya kwanza. Nadhani una haki ya kujua kwa nini.

Kila mwaka wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawajaona kilima kirefu kuliko tuta la kuzuia mto, huniuliza inakuwaje milima miwili iliyo karibu kiasi cha kusikilizana kengele za ng'ombe isipate theluji sawa. Nami huwaeleza hivi. Pepo zinazotuletea theluji hutoka kaskazini-magharibi, zikiwa na unyevu wa bahari na wa ziwa. Mlima wa kwanza kuzikabili ni Madern. Hapo hewa hulazimika kupanda, na ikipanda hupoa, na ikipoa haiwezi tena kubeba maji iliyoyabeba; huyabwaga, kama mchukuzi wa nyasi kavu anayetua mzigo kwenye ghala la kwanza kwa sababu la pili liko mbali. Ikishavuka mgongo wa mlima, hewa hiyo hiyo huteremka upande wetu, na ikiteremka hupata joto na kukauka. Kwetu hufika upepo tu. Mzigo umekwisha kubaki kwa jirani.

Kwa kanuni hiyo, Gulmen ilipaswa kupata nusu ya theluji ya Madern. Mimi niliandika kwamba hupata tisa kwa kumi. Profesa wangu alishangaa, nami nikafurahia mshangao wake. Nilieleza kwamba lile pengo kati ya milima miwili hupitisha wingu kabla halijabwaga mzigo wake. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na nilikuwa nimeugundua mlima usiotii kanuni, na mlima wenyewe ulikuwa wa kwetu. Sina hakika leo ni lipi kati ya hayo lililonipendeza zaidi.

Ushahidi wangu wote ulikuwa vipimo vya Baba: saa moja kila asubuhi, tangu 1949, kwenye nguzo iliyosimama juu katika malisho ya Egg. Nilinakili fomu alizopeleka ofisi ya maji ya mkoa; madaftari yake yenyewe sikuwahi kuyafungua. Naomba unitumie. Na naomba uniambie, kwa kadiri unavyokumbuka, nguzo ilisimama wapi hasa.

Sikatai kuandika. Nasema tu kwamba watu wataweka malisho yao juu ya neno langu, nami sijui tena neno hilo limesimama juu ya nini.

Dadako,
Roswitha


Valdrins, 11 Januari 1990

Dada Roswitha,

Nilikuomba ukurasa mmoja, umeniletea darasa.

Nguzo ilisimama Egg, palepale unapopajua, kando ya ua wa juu. Ofisi ya maji ina fomu, fomu zina mhuri. Nini tena? Madaftari yaliliwa na panya darini, na hata yasingeliwa yasingekufaa kitu. Kuanzia pale Mama alipougua, zaidi ya nusu ni mwandiko wake, nawe unajua mkono wake ulivyokuwa ukitetemeka. Kila asubuhi alihesabu pete za nguzo akiwa kitandani, akaandika mwenyewe. Ilikuwa ndiyo kazi yake iliyobaki. Hakuna msomi atakayeusoma mwandiko ule.

Wendelin amekwisha kuwatangazia watu kwamba barua yako iko njiani. Adelheid amepata kazi ya jikoni katika hoteli moja huko Madern, hurudi Jumapili tu. Anasema ni kwa msimu huu tu. Asubuhi mimi huwasha mtambo wa lifti kwa dakika kumi ili usishike kutu. Viti vinapanda vitupu na kushuka vitupu. Bibi mmoja mgeni alisimama akatazama, akaniuliza kama ni mapambo ya sikukuu.

Wewe uliondoka. Sikulaumu, mtu mwenye kichwa chako hakai hapa kukama. Lakini aliyeondoka asije akatuambia, baada ya miaka ishirini, kwamba ardhi aliyotusimamisha juu yake ina shaka.

Bado siku kumi na saba.

Gebhard


Hamburg, 17 Januari 1990

Gebhard,

Kutoka kitandani kwa Mama haiwezekani kuiona Egg. Dirisha lile linatazama zizi, na nyuma ya zizi ni mteremko. Malisho ya Egg yako upande wa pili wa nyumba, mwendo wa dakika ishirini kupanda.

Sasa nakumbuka. Nilikuja likizo ya Krismasi mwaka 1958, kutoka shule ya masista, nikaikuta nguzo yenye pete nyekundu nyuma ya zizi, mbele ya dirisha la Mama. Nilimuuliza Baba. Akaniambia hiyo ni ya kumchangamsha Mama, ile ya kweli iko Egg. Nilimwamini. Miaka kumi na miwili baadaye, nikiandika tasnifu yenye kurasa mia moja na ishirini kuhusu nguzo ile, sikupanda kwenda kuitazama. Nilikuwa na ramani za pepo za Ulaya nzima mezani, na sikutembea dakika ishirini.

Jana nilizitoa tena zile fomu. Kuanzia 1949 hadi 1958, Gulmen ina nusu ya Madern, mwaka baada ya mwaka, bila kuyumba. Kuanzia majira ya baridi ya 1958 ina tisa kwa kumi. Mruko huo niliuona mwaka 1970, Gebhard. Sitaki udhani kwamba sikuuona. Niliuona, nikautungia sababu: niliandika kwamba pepo zilibadilika, na kwamba ile miaka tisa ya mwanzo ndiyo haikuwa ya kawaida. Hakuna aliyenipinga, maana niliandika vizuri.

Nyuma ya zizi upepo hupungua nguvu na kuangusha chochote ulichokizoa malishoni, uani na mapaani. Pale hapapimwi theluji iliyonyesha. Panapimwa iliyohamishwa.

Kama nimekosea, niambie nimekosea wapi, ningefurahi sana. Kama sikukosea, niambie jambo moja tu: wewe ulijua?

Roswitha


Valdrins, 22 Januari 1990

Dada,

Nilijua.

Wewe ulikuwa umekwenda shule wiki tisa. Asubuhi moja ya Novemba Baba alipanda Egg kupima, aliporudi akamkuta Mama sakafuni jikoni, maziwa yamemwagika na kuganda. Tangu siku ile hakwenda tena mahali ambapo asingesikia akiitwa. Kesho yake aliing'oa nguzo, akaileta nyuma ya zizi, akaipaka pete nyekundu kila sentimita ishirini. Baba alikagua, Mama alihesabu. Theluji ikifika pete ya tano, alikuwa akisema, basi mwaka huu nami nitafika. Na ilifika, dada, kila mwaka ilifika, kwa sababu pale hata vumbi hujaa. Miaka sita alifika nayo. Sijui kama alijua siri ya mahali pale. Nadhani mwanzoni alijua, kisha akachagua kuamini.

Alipokufa, Baba hakuirudisha nguzo. Kwanza nilidhani ni uvivu. Kisha nikaelewa kwamba tarakimu zingeanguka, ofisi ingeuliza, naye angelazimika kumweleza karani wa mkoa habari za sakafu ile.

Tasnifu yako ilipofika aliisoma siku nne, kwa miwani ya Mama. Alipoifunga akasema, "Ameandika kama anavyofuma sista. Hakuna uzi uliolegea." Kisha akasema, "Usimwambie habari ya nguzo. Yeye atalazimika kuanza upya, na mimi nitalazimika kueleza."

Sikukuambia. Mwaka uliofuata walijenga lifti, wakanipa ufunguo. Unafikiri ningesema nini, mimi niliyekuwa nakama ng'ombe wanane wa watu wengine? Na ile miaka mizuri ilitufunga macho wote. Miaka ya neema, nusu ya Madern ilitutosha na kubaki. Nusu ya kingi ni kingi. Ni sasa tu ndipo tumeona nusu ya kidogo inafananaje.

Haya, nimesema. Sasa nakuomba mara ya mwisho, na sikuombi uongo. Andika kwamba vipimo vya ofisi ya mkoa vinaonyesha tisa kwa kumi. Vinaonyesha, au havionyeshi? Mengine yanyamazie, kama Baba. Kwetu kunyamaza hakujawahi kuwa dhambi.

Gebhard


Hamburg, 25 Januari 1990

Kwa wanachama wa Ushirika wa Lifti, Valdrins.

Waheshimiwa,

Mwaka 1970 niliandika kwamba mlima wa Gulmen hupata sehemu tisa kwa kumi za theluji ya Madern. Nimeyarudia mahesabu. Si kweli. Gulmen hupata takriban nusu, na hakuna sababu ninayoijua itakayoubadili uwiano huo, kwa kuwa unatokana na mahali mlima uliposimama. Kosa lilikuwa katika namna nilivyotumia vipimo. Ni langu peke yangu. Mpimaji aliifanya kazi yake kwa uaminifu. Siwashauri kuweka rehani malisho yenu juu ya maandishi yangu.

Najua kwamba kuomba radhi hakumrudishii mtu miaka kumi na minane.

Dkt. Roswitha Tschofen

Gebhard, hii ndiyo barua ninayoweza kuiandika. Nimemficha Baba, nimemficha Mama, na nguzo sikuitaja. Zaidi ya hapo sikuweza kuficha. Umesema utaisoma mwenyewe. Sikulazimishi, ukiichana, nitajua kwa ukimya wako, na sitakuuliza. Lakini fikiria malisho ya wale watu.

R.


Valdrins, 5 Machi 1990

Dada Roswitha,

Umenyamaza wiki tano ukidhani nimeichana. Niliisoma.

Niliisoma nimesimama, mbele ya watu arobaini, katika chumba cha nyuma cha mkahawa. Nilitegemea watukane. Ningependa wangetukana. Wendelin aliivua miwani yake akaifuta kwa kitambaa cha meza, kisha akasema polepole, "Kila aliyewahi kufyeka Egg alijua." Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Egg huchomoza nyasi wiki tatu kabla ya malisho ya Madern, mwaka hata mwaka. Babu zao walijua, ng'ombe walijua. Mwenye duka akauliza kwa nini basi hawakusema mwaka ule wa 1971. Wendelin akamjibu, "Lilikuwa limechapwa. Nani asimame na fyekeo lake mbele ya kitabu?"

Kwa hiyo tulikuwa wengi tulionyamaza, mimi kwa sababu yangu na wao kwa yao, na wewe huko ulikuwa peke yako ukituamini. Walipiga kura. Thelathini na wanne walitaka lifti ing'olewe, sita hawakutaka. Mimi ni mmoja wa wale sita. Niliisoma barua yako nikaipigia kura ya kuipinga, elewa utakavyoelewa.

Kisha theluji ikaja. Siku tatu za dhoruba, mwezi ulipokuwa unaisha, utafikiri ilikuwa ikisubiri tuamue kwanza. Madern walipata mita moja na nusu. Gulmen ilibaki mawe matupu kileleni na viraka mashimoni. Upepo ulipita juu yetu ukivuma, umekwisha kubwaga, kama ulivyofundisha. Nyuma ya zizi nguzo ilizama hadi pete ya saba. Nilikaa kwenye kitanda cha Mama nikaitazama asubuhi nzima. Ilikuwa nzuri, dada. Nilielewa kwa nini mtu angechagua kuiamini.

Jana ilikuwa Jumapili ya moto wa kuufukuza msimu wa baridi. Tuliujenga mnara wa kuni kama kila mwaka, tukamweka yule mchawi wa matambara juu, tumboni kajazwa baruti. Mbao za viti vya lifti nilizileta mimi mwenyewe, kwa mkokoteni, safari mbili. Unajua desturi: mnara ukianguka kabla mchawi hajalipuka, ni mkosi wa mwaka mzima. Ulianguka, kwa upepo. Mchawi aliviringika hadi nyasini, akafuka moshi bila kulipuka. Wendelin akasema, "Hata huyu anataka kulipukia Madern." Watu walicheka kidogo, wakaenda nyumbani bila kungoja makaa yazime. Tulikuwa tumeufukuza msimu wa baridi ambao haukufika.

Wanasema milima haikutani, binadamu hukutana. Wewe na mimi ni ndugu, lakini naona tuko kama ile milima. Sina la zaidi. Engelbert amenipa kazi, naelekeza magari yanapoegeshwa.

Gebhard


Hamburg, 12 Machi 1990

Gebhard,

Sijui kama nilifanya haki au nilitaka tu kuwa msafi. Siku nyingine nadhani ni la kwanza. Usingizi ukikatika, nadhani ni la pili. Kanuni ninaifahamu vizuri kuliko mtu yeyote wa bonde lile, na haikumsaidia hata mmoja wao.

Kama unaweza kunivumilia, nina ombi dogo. Irudishe nguzo Egg. Majira ya baridi yajayo, unapopata nafasi, panda ukapime saa moja asubuhi kama zamani, kisha unitumie tarakimu, hata bila salamu. Si kwa ajili ya chuo. Nataka kuwe na daftari moja katika nyumba yetu lisilodanganya. Na nataka kuuona mwandiko wako.

Kifua chako kinaendeleaje? Hujalitaja tena jambo hilo.

Roswitha


(Kadi ya posta)
Valdrins, 8 Desemba 1990
Egg, saa moja asubuhi: 12.
G.


(Kadi ya posta)
Valdrins, 22 Desemba 1990
Egg, saa moja asubuhi: 31. Lifti walimaliza kuing'oa Oktoba. Kupanda ni rahisi sasa, hakuna nguzo za chuma njiani. Napumzika mara mbili tu.
G.


(Kadi ya posta)
Valdrins, 5 Januari 1991
Egg, saa moja asubuhi: 44. Napumzika mara nne. Usiandike kuuliza.
G.


(Kadi ya posta)
Valdrins, 12 Januari 1991
Egg, saa moja asubuhi: 97.
Sijambo.
G.


Hamburg, 17 Januari 1991

Gebhard, mdogo wangu,

Kadi yako ya tarehe 12 imefika leo. Ulisema nisiulize, nami sitauliza. Nitakueleza tu nilichokiona, nawe unisahihishe.

Vipimo vya Madern hunifikia ofisini kila wiki. Tarehe 22 Desemba walikuwa na sentimita sitini, nawe ukaniandikia thelathini na moja. Tarehe 5 Januari walikuwa na themanini na tano, nawe ukaniandikia arobaini na nne. Nusu, kama mlima unavyotaka. Niliziweka kadi zako mezani, nikafurahi kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu zilikuwa tarakimu za huzuni lakini zilikuwa za kweli. Tarehe 12 Madern walikuwa na mia moja na saba. Umeniandikia tisini na saba.

Tisa kwa kumi, Gebhard.

Mara ya kwanza nilipoliona jambo hili, nilisema pepo zimebadilika. Leo pepo hazijabadilika, nimeziangalia. Theluji haiwezi kufika tisini na saba Egg. Inaweza kufika mahali pamoja tu, na mahali hapo huonekana kutoka dirisha moja tu, na katika nyumba ile nguzo haihamishwi ila kuna mtu asiyeweza kuinuka. Umeandika Egg kwa mkono wako, na tarakimu imekukatalia.

Huenda nimekosea. Nimewahi kuuona mruko wa tarakimu nikautungia sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri, na watu wakajenga juu yake. Huenda umesoma vibaya, huenda kalamu iliteleza, huenda ulitaka tu kunitania. Sijawahi kutamani kukosea kama ninavyotamani leo.

Kesho kutwa napanda treni ya saa kumi na mbili asubuhi. Nitafika jioni. Sitaleta kitabu chochote. Nikikukuta umesimama mlangoni, unicheke mbele ya kijiji kizima, nami nitapanda nawe hadi Egg, hizo dakika ishirini ninazodaiwa tangu mwaka 1970.

Dadako,
Roswitha


(Kadi ya posta)
Valdrins, 17 Januari 1991

Wifi Roswitha,

Gebhard ameniomba nikuandikie mimi leo, kalamu inamponyoka. Nimeacha kazi Madern, niko naye tangu juma lililopita. Amelala chumba cha Mama, anapapenda kwa sababu ya dirisha. Alinikataza nisikupigie simu.

Saa moja asubuhi: 101. Amehesabu pete mwenyewe, mimi nimeandika tu. Anasema imefika ya tano.

Anauliza kama tarakimu zake zinakufaa.

Adelheid